Mahari ya Nyati

Siku ya kwanza Mokami alidhani ni Filemoni aliyemega ule ugali, na akamsema bila kumficha.

"Bosi, njaa ni njaa, lakini hicho ni chakula cha maonyesho. Si ungeniambia nikupikie chako pembeni?"

Filemoni alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa Boma la Nyamoheru, kijana msomi, mpole, mwenye vidonda vya tumbo. "Mama Mokami, mimi nile ugali wa muhogo na mtama, halafu leo nilale wapi? Hospitali?"

Hakuwa anadanganya. Mokami alirudi ndani ya nyumba ya nyasi, akainama kuitazama ile sahani ya mti. Tonge moja lilikuwa limemegwa ubavuni kwa utaratibu, na alama za vidole zilibaki kwenye ugali, vidole virefu kuliko vya mtu yeyote aliyefanya kazi pale. Maji ya kunawia yalikuwa yamechafuka. Alikasirika tu, hakuogopa. Kuogopa kulikuja baadaye, na kulipokuja kulimkuta bado ana hasira zake.

Boma lenyewe ni ukuta wa mawe wa duara, ndani ya hifadhi, mwendo mfupi tu ukishapita geti la Ikoma. Nani alilijenga, hakuna ajuaye. Waikoma wanasema ni wazee wao, Wakurya wanasema ni wao, na wataalamu wakiulizwa husema utafiti unaendelea. Sheria ni moja: jiwe la pale halisogezwi, hata likikuangukia mguuni. Lakini watalii nao wana mambo. Walikuwa wakishuka kwenye gari, wanatazama mawe, wanapiga picha mbili, wanauliza simba wako wapi. Ndipo ofisi ikaamua kujenga katikati ya boma nyumba ya udongo na nyasi kama za zamani, na kuajiri wanawake wawili wa kijiji cha Robanda wawe wenyeji wake.

Hao wawili walikuwa Mokami na Kezia. Kila asubuhi Mokami aliwasha moto kwenye mafiga matatu, ambayo ilibidi ayabebe kwa toroli kutoka nyumbani kwake, maana mawe ya boma hayaguswi. Kezia alisaga mtama. Mokami akapika, akaweka sahani mbele ya kigoda kilichokuwa kitupu, akapiga goti kidogo na kusema, "Karibu chakula, mwenye nyumba." Watalii walipiga makofi. Jioni ule ugali ulikwenda kwa kuku wa Mokami, na kuku walinenepa. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje kumkaribisha mtu kila siku ya Mungu, kwa adabu zote, kwenye nyumba yenye moto na chakula, halafu ukategemea kigoda kiendelee kuwa kitupu.

Wiki hiyohiyo kukaja harufu. Ilikuwa saa za jua la utosi, watalii wameondoka, wale wanawake wawili wanafagia. Ghafla pakanuka samadi mbichi na maziwa ya moto, harufu ya zizi lenye ng'ombe wengi, mahali ambapo hata mbuzi hajakanyaga tangu hifadhi ianze. Kezia akaegemea kigoda ainame kuokota takataka. Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Kina joto," alinong'ona.

"Nini?"

"Kigoda. Kina joto la matako ya mtu. Shika."

Mokami alishika. Kilikuwa na joto kweli, na kwenye ngozi iliyokifunika palikuwa na bonde dogo ambalo lilianza kupanda taratibu, kama inavyokuwa mtu mzito anaponyanyuka. Nyuma ya ukuta wa udongo mwanamume akakohoa, kikohozi cha mtu aliyeshiba.

Kezia hakuaga. Alichukua kanga yake na viatu mkononi, na alipofika nje tu ndipo akageuka. "Mimi kesho siji, dada. Na wewe usije. Bibi yangu alikuwa Mwikoma wa hapahapa, alikuwa anazunguka mbali akifika usawa wa ukuta huu."

"Nikiacha kazi, Elieth na mtoto watakula nini?"

"Watakula wakiwa na wewe. Usipokuwepo je?"

Hilo swali Mokami alilibeba mpaka nyumbani, na halikuwa jepesi, maana ile nyumba ilisimama kwa sababu yake peke yake.

Alikuwa Mkurya wa Tarime. Alihamia Robanda na mumewe, Erasto, aliyekuwa dereva wa kambi ya watalii. Erasto akafa hawajapata mtoto. Arobaini haijaisha vizuri, shemeji yake Waitara akafika na wazee wawili kutoka Tarime kumrithi, yeye, shamba na ng'ombe. Mokami aliwapikia, wakala wakashiba, kisha akawaambia hapana. Akafanya jambo ambalo Wakurya wanalo tangu zamani kwa mwanamke wa aina yake: alitoa ng'ombe, akaoa. Ndiyo nyumba ntobhu, mwanamke anamwoa binti ili nyumba yake ipate watoto. Aliyemwoa ni Elieth, msichana mwenye haya kiasi kwamba mgeni akibisha hodi alikuwa anajificha jikoni. Elieth alikwishazaa mtoto wa kiume, akaitwa Erasto, na nyumba ikawa na jina.

Waitara hakurudi Tarime. Alijenga ng'ambo ya uzio wa Mokami akawa anasubiri, kwa sababu alijua kitu kimoja: siku Mokami akiolewa kwingine, nyumba ile, Elieth, mtoto na shamba vingerudi mikononi mwake. Mokami naye alijua. Kwa hiyo alikuwa amekataa wanaume wote, wazuri kwa wabaya, na alikuwa anajivunia kukataa kwake.

Kesho yake akaenda kazini. Akawasha moto, akasaga, akapika, akapiga goti. Watalii wakapiga makofi, wakaondoka. Jua likafika utosini, upepo ukasimama, hata wale ndege wanaopiga kelele kwenye migunga wakanyamaza kwa pamoja. Mokami alikuwa ameipa sahani mgongo akasikia mtu anatafuna. Akasikia anameza. Kisha sauti nzito, ya karibu, ikasema kwa Kikurya, Kikurya cha kale ambacho yeye alikisikia kwa babu yake tu:

"Leo chumvi imezidi."

Mwingine angekimbia, na angekuwa amepona. Lakini mwanamke huyu miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuambiwa hivyo na Erasto akanyamaza. Jibu lilimtoka kabla hajakumbuka kwamba nyumba haina mtu.

"Kama imezidi, kapike mwenyewe!"

Halafu ile sauti ikacheka, kicheko kirefu cha mwanamume aliyeridhika, kicheko cha mume anayemkuta mkewe ni yuleyule wa jana, na Mokami akahisi nywele zinamsimama kichwani. Alikuwa amemjibu. Alikuwa amemjibu kama mke.

Mokami alikutana na nyati alfajiri ya siku iliyofuata. Elieth ndiye aliyetangulia nje kukamua, akarudi mbio, mkono mdomoni.

"Mama. Zizini."

Ng'ombe wawili wa Mokami walikuwa wamejibana kona moja, wanatetemeka. Upande wa pili, chini ya ukungu, walisimama nyati. Nyati wa porini, wenye pembe nene na tope limewakauka mgongoni, wale ambao mmoja tu akiingia shambani kijiji kizima kinapanda miti. Walikuwa wanacheua kwa utulivu. Geti la miti lilikuwa limefungwa kwa nje na kamba imefungwa vizuri. Kila nyati alikuwa na sikio lililochanjwa, alama moja kwa wote, na damu ilikuwa bado mbichi.

Hakuna Mkurya anayehitaji kuelezwa maana ya ng'ombe wa mtu mwingine kukutwa alfajiri kwenye zizi la mwanamke asiye na mume: ni mahari. Mokami akashika uzio.

"Usimguse hata mmoja," alimwambia Elieth kwa sauti ya chini. "Usiwape maji, usiwape majani, usiwafukuze. Asiyepokea hajapokea. Naenda kwa Filemoni, tutajua la kufanya."

"Na shemeji akiamka?"

Shemeji alikuwa ameshaamka. Waitara alisimama upande wake wa uzio na mswaki wa mti mdomoni, akiwatazama wale nyati kwa macho ya mtu anayeona nyama.

"Waitara," Mokami alisema, "nakuomba kwa jina la marehemu kaka yako. Hawa si wetu. Waache kama walivyo."

"Nimesema nini mimi?" alijibu Waitara. "Nenda kazini, shemeji. Nenda salama."

Filemoni alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama alilala vizuri, akaahidi kuwaita askari wa wanyamapori, ambao hawakuja. Aliporudi nyumbani mchana, Mokami alisikia harufu ya nyama kabla hajaona paa la nyumba yake. Waitara alikuwa amemchinja mmoja. Hakuhitaji hata mkuki, yule nyati aliinamisha shingo mwenyewe. Nyama ilikuwa imeshagawiwa kwa marafiki na majirani, nyingine inachemka, na mwenyewe alikaa kivulini mdomo unang'aa mafuta.

"Mtu mjinga wewe!" Mokami alipiga kelele. "Unajua umekula nini?"

"Najua sana," alisema Waitara, na akapunguza sauti ili Elieth asisikie. "Nimekula ng'ombe wa mahari yako. Kaka yangu alikutolea ng'ombe, sasa ng'ombe wamerudi kwetu. Umeolewa, shemeji. Na nani, hiyo siyo shida yangu. Nenda kwa mumeo."

Hapo ndipo Mokami alipoogopa kweli, kwa sababu kwa mila yao maneno yalikuwa yamekwisha. Mahari ikishaliwa, imepokelewa. Na aliyeila alikuwa mtu mwenye haki ya kuipokea.

Tangu siku hiyo mwili wake ulianza kumsaliti. Kila jua likifika utosini, popote alipokuwa, mdomo wake ulifunguka wenyewe na kusema, "Naam, nakuja," na miguu ikageuka kuelekea boma. Alikuwa hajakanyaga kazini tena, ila miguu haikujali. Mara ya kwanza Elieth alimkuta karibu na barabara kuu. Mara ya pili alimfunga kwa kanga kwenye nguzo ya jikoni, na Mokami akakaa pale jasho linamtoka akisikiliza mdomo wake mwenyewe ukiitikia kwa upole, kwa sauti laini ambayo hakuwahi kumpa hata Erasto, ukimwambia mtu asiyeonekana kwamba maziwa yako tayari, kwamba moto hautazimika, kwamba asikasirike amechelewa kidogo tu, huku mikono yake ikisaga hewa, ikisaga, ikisaga, na mtoto analia kwenye mkeka kwa sababu hamtambui mama yake mkubwa. Jua lilipopinduka ikaisha. Alijikuta anatafuna ulimi.

"Tuhame, mama," Elieth alimwambia huku akilia na kumfungua. "Twende Tarime kwetu. Twende hata Sirari."

Mokami alijifuta uso. Alimtazama yule binti, akamtazama mtoto, akatazama ng'ambo ya uzio ambako Waitara alikuwa ameanza kupima kwa miguu upana wa shamba lake.

"Nilikataa kurithiwa na mtu mwenye pumzi," alisema. "Leo nirithiwe na asiye nayo? Sihami kwangu. Kesho asubuhi nipe fimbo ya kuchungia."

Watu wa Robanda wanasimulia mpaka leo, na kila anayesimulia anaongeza chake. Ila hili halina chumvi: asubuhi iliyofuata, mchana kweupe, Mokami aliwatoa nyati zizini na kuwaswaga barabarani kama mwanamke anayepeleka ng'ombe mtoni, amefunga kanga kiunoni, fimbo mkononi, anamtukana kwa Kikurya kila anayechelewa. Bodaboda zilijitupa mtaroni. Kwenye geti la Ikoma askari mmoja, Rubeni, ambaye alimfahamu tangu enzi za Erasto, alitoka na bunduki akasimama katikati ya njia, bunduki haijui imwelekee nani.

"Mama Mokami! Hao ni nyati!"

"Najua. Wangekuwa ng'ombe ningeona haya kuingia nao hifadhini."

"Unawapeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Rubeni alifungua geti. Alisema baadaye kwamba hakufungua kwa hiari, ila alipomwona nyati wa mwisho alikosa nguvu ya kubishana. Mokami hakugeuka kumtazama nyati wa mwisho. Alikuwa anatazama mbele, anahesabu pumzi zake, anaomba Mungu jua lisifike utosini kabla yake.

Lilifika wakati mmoja na yeye. Nyati waliingia bomani wenyewe, kwa mpangilio, wakijipanga kwenye duara la ukuta. Boma lilikuwa tupu. Tangu Kezia na Mokami wasusie, Filemoni alikuwa amefunga maonyesho. Lakini moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la nyasi. Moto ulikuwa unawaka kwenye mafiga yake, bila kuni.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amempa mgongo. Mwanamume mrefu, mabega mapana yaliyopakwa siagi, masikio yametobolewa yakaning'inia. Kwa mtazamo wa kwanza angeweza kuitwa mzuri. Kisha Mokami akaona kwamba moshi wa jikoni ulikuwa unakwenda kwake, unaingia mdomoni, na hautoki. Akaona pia kwamba ngozi ya mgongo haikupanda wala kushuka.

"Umechelewa," alisema yule jini.

Mdomo wa Mokami ulifunguka wenyewe kusema naam. Akauuma. Aliuma mpaka damu ikamjaa, na maneno yaliyotoka yalikuwa yake.

"Nimekuja kukurudishia mifugo yako. Kwetu mwanamke akikataa, ng'ombe wanarudi. Wale pale. Nimekataa."

Jini alisikiliza kwato nje, bila kugeuka. "Mmoja aliliwa."

"Aliliwa bila idhini yangu."

"Idhini yako haikuwa inatafutwa." Kisha akacheka tena kile kicheko cha mtu aliyeshiba. "Lakini mimi si mgumu. Naona wametimia. Nenda zako."

Mokami alichungulia mlangoni, na alichokiona kilimtia baridi kwenye jua kali kama lile. Mwisho wa mstari wa nyati, bega kwa bega nao, alisimama Waitara. Alikuwa ameinamisha kichwa na mikono inaning'inia. Taya lake lilikuwa linakwenda upande na kurudi, upande na kurudi, na majani yalikuwa yanamtoka pembeni mwa mdomo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanjwa kwa alama ile ile. Alikuwa ametembea nyuma ya kundi kutoka Robanda mpaka pale, ndiye aliyemnyamazisha Rubeni getini, na Mokami alikuwa amemswaga pamoja nao bila kujua.

Tuseme ukweli: alishawishika. Alisimama pale mlangoni akaona maisha yake yamenyooka. Aondoke tu. Hakuna atakayemlaumu. Hakuna tena wa kupima shamba lake kwa miguu, hakuna wa kumngoja aolewe, na yule anayecheua pale alimuuza kwa sufuria ya nyama na akamcheka usoni. Alimchukia Waitara kwa moyo wote. Na alipomaliza kumchukia aligundua kwamba machozi yanamtoka, kwa sababu macho ya shemeji yake hayakuwa yanacheua. Yalikuwa yanamtazama, yamejaa woga, na yalikuwa macho ya Erasto, maana ndugu wale walifanana macho.

"Huyo hukumleta wewe," alisema. "Chukua vyako. Huyo ni mpumbavu, lakini ni mpumbavu wetu."

"Basi hawajatimia," alisema jini. "Basi keti. Mwenye nyumba ana njaa."

"Mwenye nyumba ni nani?"

Jini alinyoosha mkono tu kuelekea chunguni.

"Nakuuliza. Mwenye nyumba hapa ni nani?" Sauti ya Mokami ilikuwa inatetemeka, kwa hofu na kwa hasira, na yeye hakujali ipi ni ipi. "Nyumba imejengwa juzi na serikali. Kigoda kimenunuliwa Mugumu mnadani. Chungu changu. Unga wangu. Mafiga niliyabeba mimi kutoka kwangu na toroli lenye gurudumu bovu. Wewe uliingia ukakuta chakula, ukakaa, ukala. Siku zote hizi unakula jasho langu, hujashika hata jembe, na bado unalalamikia chumvi! Mimi nimeoa, unasikia? Nilitoa ng'ombe wangu nikaoa, nina mke na nina mtoto. Mtu aliyeoa haolewi. Wewe hapa ni mgeni aliyekaa sana, na huyo nyati mmoja ndiyo malipo ya chakula ulichokula. Tumemalizana."

Akachukua kibuyu cha maji ya kunawia, akaumwagia moto.

Jini akageuka. Uso wake Mokami hajawahi kuusimulia. Ukimuuliza anasema haukuwa umekamilika, basi. Ukuta wa mawe ulianza kuguna pande zote, nyati wakaanza kukanyaga na kulia kwa pamoja, vumbi likajaa ndani, na katika vumbi hilo sauti ikawa inamwita kwa jina lake, kwa sauti ya mume, kisha kwa sauti ya Erasto, kisha kwa sauti ya babu yake, mke wangu, mama Mokami, mjukuu wangu, keti, usibebe, usibebe. Kwa hilo neno la mwisho akajua cha kufanya. Aliinama akalinyanyua figa la kwanza kwa mikono mitupu. Lilikuwa na moto wa tangu asubuhi. Akasikia viganja vyake vikilia kwenye jiwe, akalibeba mpaka nje ya lango la boma, akalitupa, akarudi. La pili. Akalibeba huku analia kwa sauti na hatukani tena, anaita tu jina la Elieth. La tatu lilikuwa zito kuliko mawili yote, mtu alikuwa amelishika upande wa pili, na wakavutana, mwanamke wa Tarime na asiye na pumzi, mpaka yule aliyekuwa na haki nalo akashinda.

Jiko likabaki shimo. Ile nyumba ikabaki udongo na nyasi, na ndani hapakuwa na mtu.

Nyati walitoka bomani wakikimbia kama wanavyokimbia nyati, bila adabu, na mmoja akamkosa Filemoni kidogo tu aliyekuwa anakuja kuona vumbi la nini. Waitara alikutwa amelala kifudifudi chini ya ukuta, anatapika majani.

Ofisi iliandika kwamba wanyama waliingia eneo la kihistoria. Filemoni alikuja Robanda mara mbili, amebeba sukari, kumwomba Mokami arudi awashe moto kwa sababu msimu umechanganya. Mokami alimwambia atatembeza wageni kwenye ukuta na kuwaeleza kila jiwe, ila moto awashe yeye Filemoni, na apige goti yeye. Filemoni hakuwasha.

Waitara hataki tena shamba la mtu. Hasemi sana. Jua likifika utosini huwa anaacha anachofanya, anakwenda zizini kwake polepole, anapiga magoti kati ya ng'ombe na kukaa humo mpaka lipinduke. Mokami humpelekea maji. Hajamsamehe, ila humpelekea maji.

Maana yule jini hakwenda mbali. Siku moja, viganja bado vibichi, vimefungwa kwa vitambaa vyenye asali, Mokami alikuwa amekaa mkekani na Elieth anamnywesha uji kwa kijiko, kwa sababu hakuweza kushika kitu. Ng'ombe wa ng'ambo wakalia. Pakanuka samadi na maziwa ya moto. Kisha mlangoni, katikati ya mchana, sauti nzito yenye adabu ikabisha.

"Hodi."

Mdomo wa Mokami ukafunguka. Aliusikia unafunguka, akahisi lile "naam" linapanda kooni, na mikono ilikuwa haimsaidii kuuziba.

Elieth akaweka kijiko chini. Elieth yule anayejificha jikoni wageni wakija. Alimbeba mtoto kiunoni, akamziba Mokami mdomo kwa kiganja chake, taratibu, kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni, na haikutetemeka.

"Unamtafuta nani?"

"Mke wangu."

"Umepotea nyumba," alisema Elieth. "Hapa mke ni mimi, na mume wangu anakunywa uji."